Mtuachie Ukuta Wetu

Sisi ni wa mzunguko. Ndio wenye elfu tano mkononi, tunaoingia Uwanja wa Benjamin Mkapa saa saba mchana kwa mechi ya saa kumi na moja, tukakaa juani tukiimba mpaka timu zinatoka kupasha misuli. Wako kati yetu wa Mbagala na Temeke wanaokuja kwa miguu, wako wa Morogoro na Tanga wanaochangishana nauli ya basi la tawi, na wako wa Kigoma na Mbeya ambao Simba wanaiona kwenye kibanda umiza mwaka mzima, na wakibahatika huifuata Dar es Salaam mwezi wa Agosti, Simba Day. Tangu mkutano mkuu wa 2017 tunaambiwa kwamba asilimia 51 ya klabu hii ni ya wanachama na 49 ni ya mwekezaji. Asilimia hizo zinatupa haki ya kusema, na tunasema: tumechoka kuona ukuta wetu ukijengwa na kubomolewa kila msimu.

Patrick Aussems alikabidhiwa timu Julai 2018. Steve Barker alitangazwa Desemba 2025. Katikati yao wamepita Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Roberto Oliveira tuliyemwita Robertinho, Abdelhak Benchikha, Fadlu Davids na Dimitar Pantev. Makocha kumi wa kigeni katika miaka saba na nusu, bila kumhesabu Juma Mgunda aliyeitwa mara mbili kushikilia timu, wala Selemani Matola ambaye kila benchi likibaki tupu yeye ndiye anayeambiwa akalie.

Hatuwalaumu viongozi kwa kila jina hapo. Wapo walioondoka wenyewe. Vandenbroeck aliwafunga FC Platinum 4-0 Januari 2021, akatuingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, na kabla hatujamaliza kushangilia akawa ameshaaga anakwenda Morocco. Maki miezi mitatu haikumtimia. Benchikha alitaja sababu za kifamilia Aprili 2024, na mambo ya familia ya mtu hatuyaingilii. Fadlu alichukuliwa na Raja Casablanca Septemba 2025, msimu ndio kwanza unaanza. Akaja Pantev Oktoba, na Desemba ilipoingia naye akaondolewa. Kocha kuondoka tumeshazoea. Tusilolizoea, na hatutaki kulizoea, ni kwamba kila anayekuja huanza kwa kugusa mabeki.

Anayekuja hugusa nyuma kwa sababu nyuma ndiko kunakomtia hofu. Mmoja anataka mpira uanzie kwa kipa kwa pasi fupi. Anayefuata anataka ubutuliwe mpaka ng'ambo. Wa tatu anataka mstari wa ulinzi upande hadi karibu na katikati ya uwanja, mshambuliaji wa wapinzani aotee. Kila moja ya hayo ni soka halali na kuna timu zinashinda nayo. Lakini beki aliyefundishwa kupanda akabaki na kumbukumbu ya kupanda, na mwenzake aliyesajiliwa mwezi uliopita akafundishwa kukaa, hao wawili mkiwaweka pamoja Jumamosi mnatuletea shida sisi tuliolipa.

Nenda tawi lolote Jumatatu baada ya mechi uwasikilize watu. Pale kwetu yuko mzee aliyeiona Simba ya 1993 ikicheza fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan: suluhu kule ugenini, halafu kipigo cha 2-0 hapahapa Dar es Salaam. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado mabao yale mawili anayaeleza yalivyoingia. Yeye haamini beki wa pembeni anayevuka mstari wa katikati.

"Mjukuu wangu," humwambia kijana anayekata tiketi za mabasi Mbezi, "kazi ya kwanza ya namba mbili ni nini?"

"Kukaba, babu."

"Basi mwambieni akabe."

"Lakini babu, Kapombe asipopanda, krosi atapiga nani? Timu zote zinazokuja kwetu zinajaza watu kumi nyuma. Usipotumia mabeki wa pembeni utapitia wapi?"

"Na akiporwa mpira kule mbele, huku nyuma atarudi nani?"

Hapo kijana hunyamaza kidogo, kisha husema jina la kiungo mkabaji wa msimu huo, na hapo ndipo mjadala unapoharibika, kwa sababu jina hilo hubadilika. Ilikuwa Jonas Mkude. Ikawa Taddeo Lwanga. Ikawa Sadio Kanoute, akaja Fabrice Ngoma, akaja Yusuph Kagoma. Babu na mjukuu wote wana hoja. Beki wa pembeni anapanda vizuri ikiwa namba sita anajua bila kuambiwa kwamba sasa ni zamu yake kuteleza pembeni akazibe, na beki wa kati wa upande ule anajua kwamba atasogea hatua tatu. Shomari Kapombe aliyerudi Simba 2017, na Mohamed Hussein Tshabalala aliyefika 2014 akitokea Kagera Sugar, walikuwa na miaka ya kulijua hilo. Waliozunguka katikati yao ndio hawakupewa muda wa kulijifunza. Na 2025 Tshabalala, nahodha wetu, mtu wa misimu kumi na moja, akavuka barabara akaenda Yanga. Tulimwona amevaa kijani na njano, na wako wanawake na wanaume wazima waliolia.

Watu wasiokaa uwanjani hudhani beki mzuri ni mrefu, ana nguvu, anaruka. Hao wanunuliwa kila dirisha. Mabeki wawili wa kati ni kama wapagazi wawili waliobeba kabati kwenye ngazi nyembamba za ghorofa la Kariakoo: mmoja anarudi kinyumenyume haoni anakokanyaga, anakwenda kwa sauti ya mwenzake, na ukibadilisha mmoja katikati ya ngazi kabati linaanguka hata kama uliyemleta ana misuli kuliko aliyetoka.

Sasa tazameni jozi zetu. Pascal Wawa alikuja 2018. Joash Onyango akaja 2020 kutoka Gor Mahia, wakaelewana. Henock Inonga akaja 2021 kutoka DC Motema Pembe. Wawa akaaga 2022. Onyango na Inonga wakashikana msimu mmoja, Onyango akatolewa kwa mkopo 2023, akaletwa Che Malone Fondoh kutoka Cameroon. Che Malone na Inonga walipoanza kusikilizana, Inonga akaenda AS FAR 2024. Wakaja Abdulrazack Hamza na Chamou Karaboue. Mwaka uliofuata Che Malone naye akaondoka, akaja Rushine De Reuck aliyetokea Mamelodi Sundowns. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye tunasema hakuwa mchezaji. Inonga tulimpenda kama mtoto wa nyumbani. Tunachosema ni kwamba karibu kila Agosti tunaanza kuwafahamisha watu upya.

Na gharama yake inaonekana kwenye namna tunavyofungwa. Angalieni vizuri, tunafungwa kwa mafungu. Oktoba 2021 tulikwenda Botswana tukawafunga Jwaneng Galaxy 2-0, tukarudi nyumbani, Rally Bwalya akafunga, tukaenda mapumziko tukiwa mbele kwa jumla ya mabao matatu. Kipindi cha pili yakaingia matatu, tukatolewa kwa bao la ugenini, na siku chache baadaye Gomes hayupo. Mei 2021 kule Johannesburg, Kaizer Chiefs walitupiga 4-0 katika mechi moja. Wiki moja baadaye tukawafunga 3-0 kwa Mkapa na ikawa hasara ya bao moja tu. Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho, kule Berkane tuliruhusu mawili ndani ya robo saa ya kwanza. Timu iliyokuwa imetoka kumaliza mechi tatu za mtoano bila kuruhusu bao, ile ya marudiano na Al Masry na zote mbili za Stellenbosch, ilifungwa mara mbili kabla jasho halijatoka. Marudiano yalichezwa Zanzibar, Joshua Mutale akatupa matumaini mapema, Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco.

Bao la kwanza kila timu duniani hufungwa. Bao la pili na la tatu yanayofuata haraka ndiyo yanayoonyesha kama waliopo nyuma wanajuana. Wanaojuana wakifungwa hukusanyika, mmoja anapiga makofi, mwingine anamwambia kiungo arudi, mpira unapigwa nje mara mbili tatu mpaka moyo urudi. Wasiojuana kila mmoja hujiokoa mwenyewe. Tunaiona hiyo kutoka juu kule mzunguko kabla hata kamera haijaiona: mikono inanyooshwa, huyu anamwonyesha yule, na hakuna anayesogea.

Lakini tarehe inayotuuma kuliko zote ni Novemba 5, 2023. Yanga 5, Simba 1. Kennedy Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko 1-1 na sauti zetu bado zipo. Kuanzia dakika ya 64 yakaingia manne: Maxi Nzengeli, Aziz Ki, Maxi tena, na penalti ya Pacome Zouzoua. Watu waliondoka uwanjani wakiwa wamevua jezi. Si kwa kuzikataa. Walikuwa hawataki kuonekana nazo kwenye daladala.

Ugomvi wa kipa haujaisha tangu siku hiyo. Golini alikuwa Aishi Manula aliyetoka kwenye majeraha marefu. Kinyozi wetu wa Buguruni hadi leo anashikilia kwamba alipaswa kusimama Ally Salim, kijana aliyekaa golini tulipowafunga Yanga 2-0 Aprili 2023, ile mechi ambayo Inonga alifunga kwa kichwa dakika za kwanza kabisa, na ndiye aliyetuokoa kwenye penalti za Ngao ya Jamii Tanga mwezi wa Agosti. Mwingine humjibu: "Kaka, hata ungemweka nani pale, mabao yale yalitokea katikati ya uwanja." Wote wawili wanasahau jambo moja. Manula alipoumia, Che Malone alikuwa hajasajiliwa. Kipa na beki wake wa kati waliingia Dabi ya Kariakoo wakiwa hawajapata muda wa maana wa kucheza pamoja. Anayeamrisha hajui anayeamrishwa anapenda kugeukia upande gani. Hilo halikuwa kosa la Manula, wala la Che Malone.

Siku mbili baadaye klabu ikaachana na Robertinho pamoja na kocha wa viungo Corneille Hategekimana. Matola na kocha wa makipa Daniel Cadena wakaachiwa timu. Sisi wenyewe tulikuwa tunadai damu, tukubali. Mitaa yote ya Kariakoo ilikuwa inapiga kelele kocha aondoke. Lakini viongozi wapo ili mashabiki wakichemka wao wabaki na akili ya baridi. Msimu ule tulimaliza wa tatu. Tulilingana pointi na Azam, tofauti ya mabao ikawaweka juu yetu, wao wakaenda Ligi ya Mabingwa na sisi Kombe la Shirikisho. Kwa timu iliyojaa mabeki wa bei, tofauti ya mabao ikatunyima nafasi.

Tulinganishe na 2019, maana wengi wameisahau. Januari ile AS Vita walitufunga 5-0 Kinshasa. Wiki mbili baadaye Al Ahly wakatufunga 5-0 kule Misri. Mabao kumi katika mechi mbili za ugenini, watani wakituhesabia kwa vidole barabarani. Aussems hakufukuzwa. Wawa hakuuzwa. Manula hakuwekwa benchi. Siku kumi baada ya kile kipigo cha Misri, Al Ahly hao hao walikuja Dar es Salaam, Meddie Kagere akafunga, na ukuta uleule uliochekwa ukakaa dakika tisini bila kuruhusu bao. Baadaye Vita nao wakafungwa 2-1 kwa bao la Clatous Chama dakika za mwisho, tukaingia robo fainali. Hakuna beki mpya aliyeshuka kwenye ndege katika zile siku kumi. Walikuwa watu walewale waliokaa pamoja, wakatazama makosa yao, wakayarekebisha na mwalimu waliyemjua.

Viongozi wetu hupenda kusema kwamba soka la kisasa ni matokeo. Tunakubali. Na matokeo yako hapo.

Sasa linakuja jambo gumu kulitamka ukiwa umevaa nyekundu. Upande wa pili nao wanabadilisha makocha, tena kwa fujo. Msimu wa 2024/25 Yanga walianza na Miguel Gamondi, wakampa Sead Ramovic Novemba, Februari wakaingia na Miloud Hamdi, na ubingwa wakachukua. Makocha watatu, kombe moja. Kwa hiyo anayesema kinachotumaliza ni makocha peke yake ajibu: kwa nini wao hawakumalizika?

Kijana wa tiketi alijibu vizuri kuliko wachambuzi wa redioni. Alisema hesabuni nyuma yao. Bakari Mwamnyeto yuko pale tangu 2020, alitoka Coastal Union. Dickson Job tangu 2021, alitoka Mtibwa Sugar. Djigui Diarra golini tangu 2021. Ibrahim Bacca tangu 2022, alitoka KMKM ya Zanzibar. Kocha anakuja, anabadilisha washambuliaji, anabadilisha mfumo, anaondoka, na wale wanne wako palepale wanaambiana kwa Kiswahili nani amfuate nani. Watatu kati yao wamelelewa na timu za ndani, walinunuliwa wakiwa vijana, wakaachwa wakomae. Hao watatu huitwa pia timu ya taifa, wanacheza pamoja hata wakati ligi imesimama. Babu aliposikia hivyo alitazama chini, akasema, "Hapo umenena, mwanangu." Kumsikia mzee yule akiisifu Yanga si jambo dogo.

Hatusemi beki wa kigeni asije. Bila Wawa na Inonga tusingefika tulikofika. Lakini beki anahitaji kuongea kuliko mchezaji mwingine yeyote, na kwetu nyuma pamewahi kukutana Kifaransa cha Ivory Coast, Kiswahili cha Kenya, Lingala, Kiarabu cha Morocco na Kiingereza cha Afrika Kusini, huku benchini anapiga kelele Mbelgiji, Mhispania, Mserbia, Mbrazili, Mwaljeria au Mbulgaria. Watu hujifunza lugha, ndiyo. Mchezaji wa kigeni akikaa misimu mitatu utamsikia anatania na wauza maji kwa Kiswahili safi. Akikaa mmoja, ameondoka akiwa anajua "twende" na "nyuma".

Hapa tunataka kuliongelea benchi la ufundi, kwa sababu ndiko uamuzi wa ajabu zaidi hufanyika. Kocha wa kigeni akija huja na watu wake: msaidizi, wa viungo, wa makipa, mtazama video. Ni haki yake, kila fundi ana watu anaowaamini. Ila anapotoka nao hutoka, na daftari zao hutoka. Kona tulizokuwa tunakaba mtu kwa mtu sasa zinakabwa kwa kulinda eneo, miezi sita baadaye zinarudi mtu kwa mtu. Nani amesimama nguzo ya karibu? Nani anatoka kuufuata mpira wa pili? Hayo hayaandikwi popote klabuni, yanaishi kichwani mwa mtu aliyeko kwenye ndege.

Mtu anayebaki ni Matola. Aliichezea Simba, aliivalia kitambaa cha unahodha, na amekuwa msaidizi wa makocha wengi wa hawa tangu mwisho wa 2019. Pantev alipokuja alitambulishwa kwa cheo cha meneja, na jina la Matola ndilo likawekwa kwenye nafasi ya kocha mkuu. Hapo tawini tuliulizana wiki nzima: nani anapanga kikosi? Beki akikosea anamtazama nani benchini? Kama Matola anatosha kuwa kocha mkuu kwenye makaratasi, kwa nini hatoshi kupewa kazi moja inayoeleweka, yenye mamlaka, ambayo haifutwi kila mkataba wa mgeni unapovunjwa kwa makubaliano ya pande mbili?

Mgunda ni hivyohivyo. Septemba 2022 Maki alipotukimbia, Mgunda aliitwa kutoka Coastal Union. Alikwenda Malawi akawafunga Nyasa Big Bullets 2-0, akawafunga tena 2-0 hapa. Alikwenda Angola akawafunga Primeiro de Agosto 3-1, akamalizia 1-0 nyumbani. Mechi nne za Afrika, ushindi mara nne, bao moja tu limeingia. Tulimpigia makofi tukasema mzalendo huyu anajua kutulinda. Januari akaletwa Robertinho, Mgunda akasogezwa pembeni, baadaye tukamwona na Simba Queens, na Aprili 2024 Benchikha alipoondoka tukamwita tena arudi kuzima moto. Mama mmoja anayetuuzia mihogo na maji nje ya geti alisema kitu ambacho hakuna aliyekuwa na jibu lake: "Kila mkipata shida mnamkumbuka huyu baba. Mkipata raha mnamtafuta mzungu." Tukanyamaza. Mama yule hajawahi kuingia ndani ya uwanja, siku ya mechi ndiyo siku yake ya kazi, lakini anajua nani aliitwa lini.

Wako kati yetu wanaopinga, na sauti yao iingie humu. Dereva wa bodaboda mmoja wa Tandika anasema sisi wazee wa mzunguko tunang'ang'ania watu kwa mapenzi. Anasema beki mwenye miaka thelathini na ushee akikimbizwa na winga wa miaka ishirini kule Casablanca, mazoea hayatamsaidia. Anasema dau likija kutoka Algeria au Morocco, mchezaji ana familia, mwache aende, na klabu ipate hela. Ni kweli yote. Hatuwezi kumfunga mtu kamba. Lakini wawili wa jozi moja wasiondoke dirisha moja. Inonga akiondoka, aliyebaki akabidhiwe anayekuja, wakae pamoja misimu miwili kabla aliyebaki naye hajaondoka. Bodaboda akakubali hilo, ingawa aliongeza kwamba usajili hauendeshwi na wapole.

Barker tunamkaribisha. Tunamjua kwa sababu tulimtoa yeye na Stellenbosch yake kwenye nusu fainali ya Aprili 2025, bao moja tu katika dakika zote zile za Zanzibar na Durban, na timu yake ilikuwa ngumu kufungika. Mtu wa namna hiyo anaweza kutufaa. Tunachowaomba viongozi, tena kwa heshima zote, ni kwamba akifungwa mechi mbili mfululizo msimpigie hesabu ya tiketi ya ndege. Mkumbukeni Aussems na zile tano mbili.

Na mengine tunayoyataka si ya gharama. Awepo mwalimu wa ulinzi wa hapahapa, mwenye mkataba na klabu na si na kocha mkuu, mgeni akija amkute na akiondoka amwache, na daftari la kona na faulo libaki Msimbazi. Watafutwe vijana wawili wa nafasi ya kati kutoka timu za ndani, kama watani walivyofanya kwa Job na Bacca, wawekwe nyuma ya wageni, wacheze mechi za ligi zisizo na presha badala ya kukaa jukwaani na suti za mazoezi mwaka mzima. Kipa namba moja atajwe kabla ya Simba Day na abaki kuwa namba moja mpaka aumie au ashindwe kweli, asibadilishwe kwa sababu ya krosi moja iliyomponyoka. Na beki akiuzwa, tuambiwe siku hiyohiyo nani anachukua nafasi yake na kwa nini, tusisikie kwa watani kwenye kijiwe cha kahawa.

Elfu tano yetu itaendelea kuja. Haijawahi kukosa, hata wiki ile ya baada ya tano moja tulikuwepo. Ila kuanzia sasa, dirisha dogo na dirisha kubwa, picha za washambuliaji wapya zikibandikwa tutazipita kwanza, tuanze kuhesabu majina ya nyuma: nani yupo, nani katoka, na waliobaki wamecheza pamoja mechi ngapi.